Kasuku wa Ruharo

Nesi alipombandua mama yangu bandeji jichoni, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa uso wangu. Alinitazama kwa muda mrefu, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande wa pili, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni. Kisha akasema:

"Weye, umezeeka lini hivi?"

Wodi nzima ilicheka. Hata mgonjwa wa kitanda cha pembeni, ambaye bado alikuwa amefungwa macho yote mawili, alicheka. Nami nilicheka huku machozi yananitoka, kwa sababu kwa miaka minne mama alikuwa akinijua kwa sauti na kwa harufu ya mafuta ya cherehani tu.

Alikuwa na mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Mwanzoni alilalamika kwamba watu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, siku hizi wanapika kwa moshi mwingi. Baadaye akaacha kwenda shamba. Mwishowe akawa mtu wa kukaa mlangoni na kumwuliza kila apitaye, "Ni nani huyo?" Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini, na kwa mama yangu kupitwa na mtu bila kumtaja na kumwulizia watoto wake ni aibu kubwa. Kwa aibu hiyo aliacha hata kwenda kanisani.

Kwa hiyo asubuhi ile, katika hospitali ya misheni pale Ruharo, Mbarara, sikuona ubaya wowote kuambiwa nimezeeka. Angeniambia hata nimekuwa mbaya kama chura, ningemshukuru Mungu.

Nesi alimpima. Mama hajui kusoma, basi walimwonyesha ile kadi yenye alama kama uma, naye akawa anaonyesha kwa mkono meno ya uma yanaelekea wapi: juu, chini, kulia. Alipatia karibu yote. Alipomaliza alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, akawa anatazama nje kwa jicho lake moja jipya, ameshika magoti kama mtoto aliyekaa mbele kwenye mchezo wa kuigiza. Nilianza kukunja mashuka. Ndipo akaita:

"Kuja uone! Kuko bandege ku muti. Ba kijani, mukia murefu, midomo nyekundu tii!"

Nilikwenda mbio. Nje kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta mti mkubwa uliojaa majani. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma.

"Fasi gani, mama?"

"Pale! Aa, bameruka. Haukuona? Bale banane?"

Nesi alikuja naye akachungulia. Alikuwa msichana wa hapohapo Mbarara, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kama cha Waganda wengi, lakini cha upole.

"Nyabo, mama, hapa hapana ndege kama hiyo. Hapa iko kaloli tu."

Kaloli ni yale makorongo makubwa yenye upara, yanayosimama juu ya majalala ya mji kama wazee waliokosa pensheni. Mama aliguna.

"Kaloli ninamujua. Nimesema kijani."

Nilimfuata nesi hadi kwenye korido, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama jicho lilikuwa na kasoro. Alinitazama kwa huruma. Alisema jicho liko sawa kabisa, daktari ameliona, ila wazee wengine wakipata mwanga ghafla huona vitu visivyokuwepo kwa siku chache. "Ikiendelea, utaniambia," alisema. Nilibaki na neno hilo moja, ikiendelea.

Njiani kurudi nilimchunguza kama mwizi. Alivaa miwani myeusi ya hospitali, na kila kitu alikitaja. Alitaja migomba ya Isingiro mlima kwa mlima. Pale Kaberebere, tuliposimama kidogo, alitaja rangi ya kila ng'ombe aliyepita na kusema mmoja ana pembe ndefu kupita akili yake. Nami nilikuwa nageuka kila mara kuthibitisha. Ng'ombe walikuwepo. Migomba ilikuwepo. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa wale ndege, na kila tulipopita mti mkubwa nilimtazama mama usoni.

Jumapili alirudi kanisani kwa mara ya kwanza, na mchungaji alimpa nafasi ya ushuhuda. Mama alisimama mbele na miwani yake, akamshukuru Mungu, akawashukuru madaktari, akataja kwa majina watu wa viti vitatu vya mbele ili waone kwamba anawaona. Kisha akawaeleza habari za ndege wa kijani. Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Dada mmoja wa kwaya aliinua mikono akapaza sauti kwamba mama ameonyeshwa malaika.

"Si bamalaika!" mama alisema kwa ukali. "Bamalaika hawawezi kunya mavi ku ukuta. Mimi niliona mavi."

Hapo hata mchungaji alishindwa kujizuia.

Mtu ambaye hakucheka kwa upendo alikuwa jirani yetu. Ni mama wa Kirundi, Mkatoliki wa rozari mkononi, anauza ndagala, yaani dagaa, pamoja na unga na chumvi, sokoni Base Camp pale kambini, meza yake mkabala na cherehani yangu. Kwa umri ni mdogo kidogo kwa mama, lakini mimi namwita mama mkubwa kwa heshima, na wao wawili huitana dada. Kwa miaka yote ya ukungu wa mama alikuwa akija kila alasiri kunywa naye chai na kumpa habari za soko. Walipendana kwa namna ya watu wanaopingana kila neno.

"Mbega dada," alisema alasiri ya Jumapili ile, kwa neno la Kirundi la kuanzia swali, amekaa kwenye kiti chetu cha plastiki, "walikutoa macho wakakuwekea ndoto? Ndege ya kijani, mdomo mwekundu! Kesho utaniambia umeona ng'ombe ya buluu."

"Niliona."

"Yezu na Maria! Basi mimi huko siendi hata wanibebe. Bora nione kidogo lakini nione ukweli."

Alisema hivyo akaninyooshea birika animiminie chai. Chai ilimwagika kando ya kikombe, ikatiririka juu ya meza hadi kwenye gauni nililokuwa nalishona upindo. Akaendelea kumimina, anatabasamu.

Mimi na mama tulitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kutazamana na mama namna hiyo, na jambo tulilolielewa kwa pamoja lilikuwa baya. Nilikumbuka jinsi siku za karibuni jirani alivyokuwa anapima ndagala kwa vidole badala ya macho, na jinsi alivyompa mteja mfuko wa chumvi badala ya mfuko wa unga akasema ni utani. Jirani alikuwa anapofuka, na alikuwa ameshapata sababu ya kutokwenda hospitali. Sababu yenyewe ni kasuku wa mama yangu.

Alipoondoka mama alivua miwani.

"Tutamuletea bale bandege," alisema.

"Mama, tutawaleta namna gani?"

"Sijui. Lakini tarehe ya kurudi kwa dokta ikifika, tutabatafuta. Vraiment, kweli kabisa, nitabatafuta nyumba kwa nyumba."

Nikiri hapa kwamba mimi sikuamini. Nilikubali kumsindikiza kwa sababu nilitaka daktari amtazame tena, na kama hao ndege wangeendelea kutokea, niseme. Siku ya miadi ilipofika daktari alimtazama kwa mashine yake, akasema jicho limepona vizuri, na jicho la pili litafanyiwa upasuaji mwezi unaofuata. Nikaanza kuuliza kuhusu kuona vitu. Mama akanikanyaga mguu.

Tulipotoka nje alishika njia mbele yangu. Mwanamke ambaye mwezi mmoja nyuma nilikuwa namshika mkono kwenda chooni sasa alikuwa ananiacha nyuma kwenye barabara za Ruharo, anainua kidevu kila penye mti. Aliuliza kila mtu. Mwendesha boda mmoja alisema hajawahi kuona. Mwenzake alisema amewahi kuona, lakini kwenye kalenda. Mwanamke aliyekuwa anachoma ndizi kando ya barabara aliinua uso moshini.

"Yenye kelele?" aliuliza.

Mama akasimama. "Kelele kama nini?"

"Kama mlango ya chuma inalia."

"Ile ile!"

Mwanamke yule alielekeza kwa koleo lake. Nyuma ya majengo, penye ua mkubwa na mzee mtunza bustani. Nikagundua kwamba nilikuwa natamani ndege hao wawepo kuliko nilivyowahi kutamani kitu kwa muda mrefu.

Mzee wa bustani alitupokea langoni. Alikuwa mrefu, amenyooka, na alituambia mara moja kwamba Kiswahili alikijua jeshini, kwa hiyo tusimlaumu. Mama alimweleza. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa majirani wakorofi.

"Hiyo ndege mimi najua sana. Hiyo si ndege ya hapa. Kulikuwa tajiri moja ya duka la vitambaa, alifuga kwa nyumba ya waya. Alisema baba zao walitoka India. Siku alihama, hakupata mtu wa kuwapa, akafungua mlango. Sisi tulisema watakufa kwa wiki moja. Hawakukufa! Wanalala kwa tundu ya mti, wanazaa kwa tundu ya mti. Wanakula mapera yangu yote."

"Na mapapai?" mama aliuliza.

"Na mapapai."

"Na mahindi?"

"Ya jirani."

"Basi ni bezi!" mama alisema kwa furaha kubwa, na mzee naye akacheka.

Alituambia tusubiri hadi saa kumi na moja, ndipo wanarudi. Alituletea benchi. Tulikaa hapo tunakula ndizi za kuchoma, mama na mzee wanasimuliana habari za mapera na jinsi ya kufukuza ndege shambani. Nilikuwa sijamsikia mama akizungumza na mtu mgeni kwa urefu ule tangu macho yalipoanza kumharibikia.

Kwanza tulisikia kelele. Kweli ilikuwa kama bawaba ya chuma isiyotiwa mafuta, halafu bawaba kumi kwa pamoja. Kisha wakaja kutoka upande wa mto Rwizi, chini chini juu ya mapaa ya mabati, kwa mwendo wa kasi, wamenyooka kama mishale, mikia mirefu nyuma. Walipiga kona moja juu ya vichwa vyetu, na jua likawapiga tumboni. Mimi ni fundi wa nguo. Nimeshika vitambaa vya kijani vya kila aina, na rangi ile sikuwahi kuishika. Wakajimwaga kwenye mti wakapotea palepale, kana kwamba mti umewameza. Halafu jani moja likageuka, likawa na mdomo mwekundu. Kisha jani jingine. Mmoja alikuwa na pete shingoni, nyeusi na waridi, kama mtu aliyevaa mkufu kwa ajili ya harusi. Alining'inia kichwa chini, akachuma pera, akalila kidogo, akalitupa, akachuma jingine.

"Unaona?" mama aliuliza.

"Ninaona."

"Sema bako rangi gani."

"Kijani, mama. Kijani kabisa."

"Mm," alisema, akakunja mikono. Nilimwomba radhi palepale mbele ya mzee, akanisamehe kwa kunipiga kofi dogo la begani.

Nilipiga picha nyingi kwa simu. Kesho yake alasiri mama alimwekea jirani simu mkononi kabla hata hajakaa. Jirani aliisogeza simu mpaka ikagusa pua.

"Naona majani," alisema.

"Tazama muzuri."

"Dada, ni majani. Majani mazuri, sikatai."

Nikachukua simu nitazame. Kusema haki, picha zangu hazikuwa nzuri, ndege walikuwa wametoka kama michirizi. Lakini kwenye moja kasuku mwenye pete alionekana wazi, jicho na mdomo. Nilimwonyesha hiyo. Alitazama, akasema tena ni majani. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Mama aliichukua simu mkononi mwake, taratibu.

"Sikia, dada yangu," alisema. "Miye nasema bako. Weye unasema habako. Mwezi unaokuja ninaenda kwa jicho la pili. Tuende wote. Badokta bakusafishe jicho moja tu, moja. Halafu tuende ku ule muti. Kama hauone kitu, urudi hapa useme mbele ya soko yote kama miye ni muongo."

"Mbele ya soko?"

"Mbele ya soko. Nitasimama juu ya meza yako ya ndagala."

Jirani alizungusha rozari vidoleni. Alikuwa na hofu, niliiona, hofu ya kisu na ya kulala katika kitanda kisicho chake. Lakini pia aliijua vizuri furaha ya kumwaibisha mama yangu hadharani, na mwishowe furaha hiyo ilishinda.

"Ego, ndiyo," alisema. "Nakwenda. Lakini nakwenda kwa ajili ya kukuumbua tu."

Mwezi uliofuata walilala vitanda viwili vilivyopakana, wodi ileile. Mama, aliyejifanya mwenyeji, alimweleza kila kitu kabla hakijatokea: sasa watakutia matone, sasa utasikia baridi, sasa usikohoe. Jirani alimwambia anyamaze asije akamtia nesi wazimu. Nilipofika asubuhi bandeji zilikuwa zinatolewa. Jirani alifumba jicho, akalifumbua, akatazama mikono yake. Aliigeuza, viganja na migongo, mara nyingi. Kisha akaanza kulia bila sauti, na mama yangu akamshika kichwa, akakiweka kifuani pake, akasema, "Usilie, dokta atakasirika, usilie," naye mwenyewe analia.

Daktari alipowaruhusu tulikwenda kwenye ule ua. Mzee wa bustani alitutazama kwa masikitiko. Siku kadhaa hakuwa amewaona. Mapera yalikuwa yamekwisha, alisema, na ndege wale hufuata tumbo.

Tulikaa hata hivyo. Ilipita saa kumi na moja. Ikapita nusu saa. Njiwa walikuja, kunguru wakaja, kaloli mmoja akapita juu kwa uvivu. Jirani, na miwani yake myeusi mipya, alianza kutabasamu.

"Meza yangu ni imara," alimwambia mama. "Itakubeba."

Mama aliendelea kutazama mti. Nilimwona amebana midomo, na nikamwonea huruma, maana najua ni vigumu kuwa na haki na kukosa shahidi. Nilisema twende, gari letu la kurudi lisitupite. Tulimuaga mzee, tukatoka langoni, tukaanza kuteremka barabara. Jirani alikuwa mbele, ameinua kichwa kama bibi harusi.

Alikuwa wa kwanza kuona. Alisimama ghafla hata nikamgonga kwa mfuko. Kando ya barabara, kwenye ua wa nyumba ya mtu, kulikuwa na mpapai, na juu ya mpapai ule kasuku walikuwa wamejazana kama nguo zilizoanikwa. Papai moja lililoiva walikuwa wamelichimba hadi katikati. Wakatuona, wakaruka wote pamoja na kelele zao za bawaba, wakapita karibu mno hata upepo wa mabawa ukanigusa shavuni.

Jirani aligeuka nao mpaka wakaishia nyuma ya mapaa. Mdomo ulikuwa wazi. Rozari ilimwangukia chini, na hakuiokota.

"Kumi na wanane," alisema.

"Kumi na saba," mama alisema.

"Nimehesabu, dada. Kumi na wanane."

"Mbili hazikuwa kasuku, zilikuwa njiwa."

"Basi ni kumi na sita! Wewe hata kuhesabu hujui." Kisha akavua miwani, akapangusa jicho kwa ncha ya kitenge kwa uangalifu mkubwa kama alivyoelekezwa, akavaa tena. "Na si kijani ulivyosema. Kuna manjano ndani."

"Manjano iko wapi?"

"Chini ya bawa. Wewe jicho lako limechakaa, langu ni jipya."

Waliendelea hivyo mpaka Kaberebere na kupita Kaberebere. Mama alikuwa anapingwa kwa kila neno, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Watu garini walidhani wanagombana kweli, dereva akageuka kuwaomba wasameheane.

Sokoni jirani hakusimama juu ya meza, wala mama hakumdai asimame. Ila habari zilienea zenyewe, kwa sababu jirani ndiye aliyezieneza, na kila alipozisimulia kasuku waliongezeka ukubwa. Walianza kama njiwa, wakawa kama kuku. Mama akipita hurekebisha. Sasa wanawake wazee wanakuja kwenye cherehani yangu, Warundi na Wakongo, wengine kutoka vijiji vya mbali vya Nakivale, wakiuliza kama ni kweli. Nawaambia ni kweli, lakini kwanza nesi awatazame macho.

Jumatatu tunakwenda tena Ruharo kwa jicho la pili la jirani, na wawili kati ya wazee hao watafuatana nasi kupimwa. Mama hana miadi yoyote, macho yake yote yamepona. Jana nilimkuta amefua kitenge chake kizuri, amekianika juani, na kando yake kuna kikapu alichokifunga vizuri. Nikamwuliza ndani mna nini.

"Mapera," alisema. "Ya kupelekea ule muzee. Yake ilikwisha."